Mashine Iliyokataa Kusema Sijui

Dorca Ondiek alitupa udongo kwenye kaburi la baba yake akiwa darasa la nne, na baba yake yu hai hata leo.

Asiyetoka huku kwetu ziwani anaweza kudhani huo ni mzaha. Zadock Ondiek, mvuvi wa Asembo Bay, alitoka na mashua siku ya upepo mbaya na hakurudi. Wenzake walimtafuta wakapata kasia na kipande cha wavu. Mwili hawakuupata. Kwetu mtu aliyepotelea majini hawezi kuachwa bila kaburi, kwa hivyo wazee wa ukoo wakafanya kama desturi inavyoagiza: wakaangua tunda la yago, lile refu na zito kama mkono wa mtu mzima, wakalifunga kwa shuka, wakalilaza kaburini mahali pa mwili. Watu walilia, nyimbo za kanisa zikaimbwa, watoto wakapewa udongo watupe.

Aliyekataa ni mkewe peke yake. Alipoitwa atoke aje kulia, alijibu kutoka ndani ya nyumba kwamba yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na tunda. Wazee walimwambia kwa upole kwamba wamengoja vya kutosha. Akawauliza ni nani aliyepima hicho cha kutosha. Jibu hawakuwa nalo, lakini jembe walikuwa nalo, na kaburi likafukiwa.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Zadock alishuka kwenye lori la samaki akiegemea fimbo. Mashua yake ilikuwa imesukumwa hadi kisiwa cha mbali, ng'ambo ya mpaka. Huko mguu wake ulivunjika, homa ikamlaza, na hapakuwa na simu wala mtu wa kumtuma Asembo. Watu wa Asembo walipomwona akija, wengine walikimbia. Wazee nao wakaanza kubishana kama mtu aliyekwisha kuzikwa anaweza kupita kwenye lango la boma lake mwenyewe, naye akalala kwa jirani mpaka walipomaliza ubishi wao. Tangu hapo wanamwita Zadock wa Yago. Yeye hakasiriki. Kila apitapo kwenye lile kaburi na binti yake, humuuliza, "Nyathina, mwanangu, siku ile ulitupa udongo mwingi au kidogo?"

Dorca hujibu kwamba alitupa kidogo.

"Basi ndiyo maana nilitoka," husema mzee.

Mambo hayo lazima yatangulie, kwa kuwa alichokuja kukifanya Dorca akiwa mtu mzima kilianzia hapo. Alijifunza mapema kwamba kutorudi leo si kutorudi, na kwamba watu wema, wenye nia njema na huzuni ya kweli, wanaweza kusema neno lisilo kweli kwa sababu tu wamechoka kungoja.

Alisoma, akapata diploma ya hesabu na kompyuta, akaajiriwa kufundisha katika chuo kimoja cha ufundi mjini Kisumu. Alipanga nyumba mtaa wa Manyatta, akafuga kuku wachache, akaimba kwaya. Hakuwa mwalimu wa kuchekacheka. Mwanafunzi aliyechelewa alisimama mlangoni. Mwingine alimletea ngege mkubwa siku mbili kabla ya mtihani, akaambiwa arudi naye alikomtoa, na wapangaji wenzake Dorca walimlaumu wiki nzima kwa ajili ya samaki yule. Walimu wa namna hiyo huitwa wagumu. Mimi nawaita nguzo, na nchi yetu ingekuwa na nguzo nyingi zaidi, paa lisingekuwa linavuja hivi.

Somo alilolipenda kuliko yote ni lile ambalo walimu wengi hulipita mbio: mipaka ya kukokotoa, yaani mambo ambayo hakuna mashine inayoweza kuyajibu hata ikipewa umeme wote wa dunia. Alilifundisha kwa maneno mepesi. Chukueni seti ya namba shufwa, aliwaambia. Nipeni namba yoyote, hata iwe ndefu kama barabara ya kwenda Busia. Nitaangalia tarakimu ya mwisho, nitawaambia kama namba hiyo imo ndani ya seti au haimo. Seti kama hiyo inakokotoleka. Kuna njia moja yenye hatua zinazojulikana, na kwa kila namba njia hiyo hutoa jibu, liwe la ndiyo au la hapana, bila kukosa.

Sasa chukueni seti nyingine, aliendelea: seti ya programu zote ambazo ukiziwasha, siku moja zitamaliza kazi na kusimama zenyewe. Programu ikisimama umeiona kwa macho, na unaweza kuandika kwamba imo. Ile ambayo bado inakwenda, utaandika nini juu yake? Labda itasimama kesho, labda haitasimama milele. Hakuna saa ambayo ikifika, kule kungoja peke yake kutakuambia. Hapo aliinua chaki na kuwauliza, kama wangekuwa wazee wa Asembo, yago wangelizika siku gani? Darasa lilicheka, na kwa kuwa lilicheka, lilikumbuka.

Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Bwana Wakhisi. Nataka aeleweke vizuri. Alikuwa mtu mwadilifu. Alikuta chuo ambamo alama ziliuzwa kama nyanya, ambapo mpwa wa fulani hakufeli na mtoto wa mkulima hakupita. Aliwafukuza walimu wawili, kisha akatafuta dawa ya kudumu. Dawa aliyoiona ni mashine ya kusahihisha kazi za mwisho za wanafunzi wa kompyuta, na jina lake lilikuwa Mwamuzi. Mwanafunzi aliweka programu yake, Mwamuzi akaisoma bila hata kuiwasha, kisha akaandika neno moja: ITAISHA au HAITAISHA. Programu isiyoisha haina faida kwa mtu, kwa hivyo aliyeandikiwa HAITAISHA alikuwa amefeli, na rufaa haikuwepo.

Aliyeileta ni wakala aitwaye Mukhwana, mtu mpole wa tai na viatu vinavyong'aa. Aliwaeleza walimu kwamba Mwamuzi hajawahi kukosea wala hawezi kukosea. Dorca alimuuliza kama anasema hivyo juu ya kila programu.

"Kila programu, Madam," alisema Mukhwana.

Baada ya mkutano Dorca alimfuata mkuu ofisini na kumwambia kwamba hakuna mashine ya namna hiyo na haiwezi kuwepo. Wakhisi alimsikiliza, kisha akamjibu kwamba labda ni kweli, labda si kweli, lakini jambo moja analijua kwa hakika: mashine haina binamu. Chuo kikainunua.

Sina ugomvi na nia ya Wakhisi. Lakini nia njema haifanyi uongo kuwa kweli, na haki inayotolewa kwa neno la uongo bado ni dhuluma hata kama imegawanywa sawasawa kwa wote. Dhuluma hiyo ilimwangukia Nuha.

Nuha binti Yahya alikuwa mtoto wa Zamzam, mjane anayeuza viungo sokoni Kibuye, na alikuwa anakaribia kumaliza diploma. Kazi yake ya mwisho ilihusu maji ya mtaa wa Nyalenda. Aliyewahi kuishi pale anajua shida yenyewe: mabomba ya kuchotea ni ya watu wengi, na mawili yaliyo jirani yakifunguliwa pamoja yote hutoa hewa. Wanawake hupanga madumu asubuhi na kuondoka nayo mchana yakiwa matupu. Programu ya Nuha ilitafuta ratiba: bomba gani lifunguliwe saa gani, ili kila ploti ya wapangaji ipate maji ndani ya juma na jirani asimkaushe jirani. Ilijaribu mpangilio mmoja, ikaufuta usipofaa, ikaenda kwa mwingine.

Mwamuzi aliisoma akaandika HAITAISHA.

Maana yake ilikuwa wazi. Bila kazi ya mwisho hakuna diploma, na Zamzam hakuwa na uwezo wa kumsomesha mwaka mwingine. Miaka yote ya viungo na jua la Kibuye ingeishia kwenye neno moja la mashine. Nuha alipokuja kwa Dorca hakulia. Alikuwa amekasirika, na hasira ya haki ni bora kuliko machozi. Alisema programu yake inaisha, ila ina kazi nyingi. Dorca alimuuliza anajuaje. Nuha akasema anajua tu. Mwalimu akamwambia kwamba hata Mwamuzi anajua tu, na kwamba kujua tu ndiko kulikowafikisha hapo.

Waliiwasha programu ile kwenye kompyuta ya zamani nyumbani kwa Dorca, pale Manyatta, ikaachwa iende. Ilikuwa na tabia ya kuweka alama mahali ilipofika, ili umeme ukipotea isianze upya, na umeme ulipotea mara nyingi. Siku zikapita. Kuku waliingia wakatoka, programu inakwenda. Bwana Wakhisi aliposikia alimuuliza Dorca mbele ya walimu wenzake mbona basi haisimami. Dorca akasema bado inatafuta.

"Hata mimi nikipotea sokoni nitasema natafuta," alisema Wakhisi, na chumba kizima kikacheka.

Dorca hakucheka. Alisimulia habari ya yago la Asembo, ya kaburi na ya lori la samaki. Wengi waliijua. Wakhisi hakuijua, akaisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno ambalo si kila mkubwa angeweza kulisema bila dharau.

"Mwalimu, namshukuru Mungu baba yako alirudi. Lakini niambie ukweli, wangapi hawakurudi?"

"Wengi," alisema Dorca. "Ndiyo maana sikwambii itaisha kwa sababu naitaka iishe. Nipe nafasi nithibitishe."

Nafasi akapewa. Baraza la masomo lingekaa Jumatano, wakala Mukhwana naye angekuwepo. Dorca akishindwa kuthibitisha, matokeo yangebaki kama yalivyo na jambo lingefungwa.

Siku zilizobaki mwalimu na mwanafunzi walikutana kila alasiri katika darasa tupu. Dorca aligawa kazi mara ya kwanza tu walipokaa. Yeye angeonyesha kwamba Mwamuzi anaweza kukosea. Nuha angeonyesha kwamba Mwamuzi amekosea juu yake. Nuha aliomba mwalimu amsemee yote, kwa kuwa wale wa barazani ni watu wazima wenye vyeti na yeye sauti humkauka. Dorca alikataa. Alimwambia kwamba anayesemewa leo atasemewa maisha yake yote. Alimpa chaki, akakaa dawati la nyuma, akawa anauliza maswali mabaya kabisa ambayo baraza lingeweza kuuliza. Nuha alipokwama hakumsaidia. Alimwambia afute, aanze tena.

Jumatano ikafika. Chumba cha baraza kina dirisha linalotazama ziwa, na siku hiyo magugu maji yalikuwa yamefunika ghuba yote kama shamba la sukuma wiki. Wajumbe walikaa, Wakhisi katikati, Mukhwana pembeni na kompyuta yenye Mwamuzi. Zamzam aliruhusiwa kukaa karibu na mlango. Alikuwa ameacha kibanda chake kwa jirani.

Dorca alianza kwa kumuuliza Mukhwana swali lile lile, na Mukhwana akatoa jibu lile lile: kila programu. Basi, alisema Dorca, nami nimekuja na programu moja ndogo, jina lake Mkaidi. Aliielezea polepole ili hata mwalimu wa ushonaji aliyekuwa barazani aelewe. Ndani ya Mkaidi kuna nakala ya Mwamuzi. Mkaidi akiwashwa, jambo la kwanza humuuliza Mwamuzi wake: mimi nitaisha au sitaisha? Akiambiwa utaisha, huanza kuzunguka mahali pamoja bila kukoma. Akiambiwa hutaisha, husimama hapo hapo. Chochote anachotabiriwa, yeye hufanya kinyume.

"Tafadhali, Bwana Mukhwana, mpe Mwamuzi amsome Mkaidi."

Mukhwana akampa. Kioo kikaandika HAITAISHA. Kisha Dorca akamwasha Mkaidi mwenyewe mbele ya wote. Haukupita hata muda wa kukohoa. Mkaidi aliandika neno NIMEFIKA akasimama.

Mjumbe mmoja, Lorine wa idara ya uhasibu, aliangua kicheko akajiziba mdomo. Mukhwana alisema hiyo si haki, kwa kuwa programu yenyewe imetungwa kwa ukorofi. Dorca alimkumbusha kwamba alisema kila programu, na mkorofi naye ni programu. Mukhwana akasema kosa dogo kama hilo linarekebishwa: anaweza kumwamuru Mwamuzi, akimwona Mkaidi, aandike ITAISHA.

"Rekebisha," alisema Dorca.

Mukhwana akaweka vidole kwenye vitufe. Kisha vidole vikatulia. Alikaa hivyo kwa muda, midomo ikitembea kama mtu anayesali, halafu akaviondoa taratibu. Alikuwa ameona. Mwamuzi aliyerekebishwa akiwekwa ndani ya Mkaidi atasema utaisha, Mkaidi atazunguka milele, na Mwamuzi atakuwa amekosea upande wa pili.

"Na mkiunda Mwamuzi mwingine," Dorca aliendelea, "nitamweka huyo ndani ya Mkaidi mwingine. Sisemi wahandisi wenu ni wavivu. Jambo hili lilithibitishwa kabla kompyuta hizi hazijaundwa. Seti ya programu zinazoisha haikokotoleki. Hakuna mashine ambayo kwa kila programu itasema ndiyo au hapana na isikosee kamwe. Si leo, si baada ya miaka mia."

Mukhwana, kwa heshima yake, hakuendelea kubisha. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, sasa walitaka mashine iseme nini.

"Iseme sijui, pale isipojua."

"Madam, nani atanunua mashine inayosema sijui?"

"Mtu mkweli," alisema Dorca.

Hapo Wakhisi akaingilia. Alimtaka Mukhwana aeleze waziwazi jinsi Mwamuzi anavyofikia neno HAITAISHA. Mukhwana alizunguka kidogo, kisha akakiri. Mwamuzi hufuata njia za programu, na pale anapoona mzunguko mrefu asiouona mwisho wake, hungoja muda fulani, halafu huandika HAITAISHA.

"Muda huo nani aliupima?" aliuliza Dorca. Lilikuwa swali la mama yake, neno kwa neno. Kisha akageukia baraza. "Huko si kuamua. Huko ni kuzika yago."

Hata Wakhisi alitabasamu, lakini hakuwa mtu wa kushindwa kwa tabasamu. Aligonga meza kwa kidole akasema kwamba mwalimu ameonyesha vizuri kuwa Mwamuzi anaweza kukosea. Hajaonyesha kuwa amekosea juu ya Nuha. Mashine inayoweza kukosea inaweza pia kupatia, na yeye hatatoa diploma kwa huruma.

Alisema kweli, na ningekuwa mahali pake ningesema hivyo hivyo. Diploma ya huruma ni ndugu ya diploma ya kununua. Dorca alikaa chini, na Nuha akasimama.

Alichora maduara ubaoni, kila duara bomba moja, akaunganisha majirani kwa mistari. Mwanzoni sauti ilimkauka kama alivyoogopa. Zamzam kule mlangoni alishika ushungi wake kwa mikono miwili. Nuha akaanza tena. Mabomba, alisema, yana idadi. Saa za juma zina idadi. Kwa hivyo namna za kuyapanga mabomba kwenye saa hizo zina idadi pia, na mtu akiwa na subira ya kutosha angeweza kuziandika zote mpaka ya mwisho. Programu yake huchukua mpangilio mmoja, huupima kwa hatua chache, na usipofaa huufuta. Uliofutwa haurudiwi kamwe, na hapo alionyesha mstari wa programu unaokataza. Basi kila inapopiga hatua, mipangilio iliyobaki imepungua kwa mmoja. Kitu kinachopungua kila mara, na ambacho hakiwezi kushuka chini ya sifuri, lazima kifike mwisho. Itapata ratiba au itasema ratiba haipo, lakini itasimama.

Mjumbe wa ushonaji alisema hilo hata yeye ameliona, ni kama kufumua nguo uzi kwa uzi. Wakhisi alikuwa ameinama anaangalia ubao.

"Hiyo mipangilio ni mingi kiasi gani?"

"Mingi sana, Bwana Mkuu. Lakini mingi si bila mwisho."

"Kwa hivyo itaisha lini?"

Nuha alifungua kinywa. Ilikuwa rahisi kutaja siku. Watu waliokuwa mbele yake walitaka siku, na diploma yake ilikuwa mikononi mwao. Aligeuka kumtazama mwalimu wake, na mwalimu wake alikuwa anatazama ziwa, kwa makusudi.

"Sijui," alisema Nuha. "Kwamba itaisha, nimewaonyesha. Lini, sijui, na sitawadanganya."

Kisha Wakhisi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Hilo," alisema, "ndilo jibu la kwanza tangu asubuhi ninaloliamini lote."

Baraza halikuchelewa. Nuha alipita. Zamzam hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alipiga vigelegele ndani ya chumba kile ambacho kwa kawaida watu hunong'ona, na mlinzi akaja mbio akidhani kuna jambo. Mwamuzi hakutupwa, kwa kuwa programu nyingi ni nyepesi na hizo aliziona vizuri. Lakini iliamriwa kwamba pale asipoona mwisho aandike SIJUI, na mwanafunzi aitwe ajitetee kwa chaki mbele ya walimu wawili. Wote walioandikiwa HAITAISHA muhula ule walipewa nafasi hiyo hiyo. Mukhwana mwenyewe aliondoka na maelezo ya Mkaidi mfukoni. Baadaye alileta Mwamuzi aliyerekebishwa, akakiri kwamba vyuo vingine viwili vimemwomba huyo huyo anayesema sijui.

Isidhaniwe kwamba Dorca alifungua mlango kwa kila mtu. Kijana mmoja, Osama, kipenzi cha darasa kwa vituko vyake, alikuja kifua mbele akidai kwamba programu yake nayo itaisha, siku moja, Madam, na nani anaweza kusema haitaisha?

"Mimi," alisema Dorca, akamwonyesha mstari uliokuwa unarudi pale pale bila kubadilisha kitu chochote. "Huyu haendi popote, Osama. Anazunguka mti."

Osama alifeli. Aliirudia kazi yake, mara hii kwa bidii, akapita mwaka uliofuata, na leo hulisimulia jambo hilo bila chuki. Ukweli haumpendelei aliye mpole wala anayechekesha, na mwalimu aliyempitisha Nuha kwa ushahidi ndiye huyo huyo aliyemwangusha Osama kwa ushahidi.

Siku ya mahafali Zadock alikuja kutoka Asembo, amevaa koti lake la kanisa, kumwona binti yake akitembea kwenye msafara wa walimu. Alifika Manyatta asubuhi mapema akakuta Dorca anapiga pasi joho. Mzee hawezi kukaa bure, akaenda kuwamwagia kuku mahindi. Nuha na mama yake nao wakafika, maana walikuwa wamekubaliana kwenda pamoja. Ile kompyuta ya zamani ilikuwa bado pembeni mwa sebule, inakwenda. Watu walikuwa wameizoea kama wanavyozoea saa ya ukutani.

Zadock aliporudi ndani kutafuta maji ya kunawa, alisimama mbele ya kioo cha kompyuta ile, ambayo habari yake Dorca alikuwa amemsimulia, akainama, akakitazama kwa muda.

"Nyathina," aliita, "njoo umwone mwenzangu. Amerudi."

Walikimbilia wote, Dorca bado ameshika pasi. Programu ilikuwa imesimama. Kwenye kioo palikuwa na ratiba nzima, bomba kwa bomba na saa kwa saa, hakuna jirani aliyemkausha jirani. Ratiba hiyo sasa imebandikwa kwenye kuta za mabomba ya Nyalenda, na wanawake wakiondoka pale asubuhi madumu yao ni mazito. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hilo. Nuha alisimama na joho lake begani, akaisoma yote mpaka chini, akaanza tena juu. Zamzam alisema Alhamdulillahi, akaketi, akasema tena. Dorca aliweka pasi chini, akamshika mwanafunzi wake mkono, akauinua juu kama mwamuzi wa ngumi anavyouinua wa mshindi.

Zadock alimgeukia Nuha, uso wake hauna hata dalili ya mzaha.

"Mlikuwa mmeshamtupia udongo?"

Nuha alikuwa ameisikia hadithi ile mara nyingi darasani.

"Kidogo tu, Mzee."

"Basi ndiyo maana ametoka," alisema Zadock, akachukua kofia yake, akawatangulia mlangoni.